Kubadhi la Bassu

Kwa mwaka tulipigana siku tatu, au nne kukiwa na mkosi. Siku zilizobaki tulikuwa watumishi wa nyumbu. Watu wa sokoni Midelt walipotuona tunapita na majoho yetu ya sufi yenye mistari, bunduki begani, walidhani wanaona wanaume wa vita, na sisi hatukuwaambia kwamba tangu alfajiri tulikuwa tunakwangua samadi kwenye kwato. Tarumbeta inalia, unaamka, unasaka chawa, unakunywa chai, unachana nyumbu. Halafu unabeba mawe ya barabara ya Wafaransa. Jioni Kapteni wetu, Mfaransa, alihesabu risasi zetu moja moja. Alituamini sana, alisema, kuhesabu ni kazi tu.

Msiniulize tuliingiaje jeshini mwao. Ulikuwa mwaka wa nzige, na Wafaransa wakashuka bondeni kwetu wakaswaga kondoo wote. Wakasema, leteni wanaume arobaini wa kuvaa joho la serikali, mchukue mifugo yenu. Tukatolewa arobaini. Kondoo walirudi nyumbani, sisi tukabaki.

Kituo kilikuwa juu ya kilima, kuta za mawe na lango moja, na chini yake kwenye mteremko yalikuwapo mahema ya wake zetu. Mimi nilikuwa sajini. Hema langu lilikuwa la mwisho karibu na kijito, nikikaa na mke wangu Tuda na binti yetu Itto, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuota meno. Jirani yangu alikuwa Haddu, ambaye hakuwa na mke, alikuwa na ulimi.

"Sajini Raho," aliniambia asubuhi moja tukiwa zizini, "huyu nyumbu wako ana cheo kunishinda. Jana kapewa blanketi jipya."

"Na wewe umepewa nini?"

"Mimi nimepewa nyumbu."

Tulicheka. Tulikuwa tunacheka sana, lazima niseme ukweli. Mtu akifikiri tulikuwa tunalia kutwa anakosea. Chakula kilikuwapo, chai ilikuwapo, na sukari, na Tuda alikuwa haendi tena kuokota mizizi kama mwaka ule wa nzige. Ndiyo maana naona uchungu ninapokumbuka, kwa sababu nilishiba.

Kapteni mwenyewe hakuwa mtu wa kupiga watu. Angekuwa wa kupiga ingekuwa nafuu. Alizungumza lugha yetu vizuri, alivaa joho kama letu, alikaa chini na sisi akanywa chai glasi tatu kama inavyotakiwa, wala hakuinuka katikati. Na alikuwa na daftari. Tulimnyoaje mtoto mchanga, tuligawaje maji ya mfereji, nani anakaa upande gani wa moto, yote aliyaandika. Tulimwona mtu wa ajabu. Ni Mfaransa gani mwingine aliyejali habari za nywele za watoto wetu?

Siku moja akaniuliza kuhusu tada.

Nasikia ziko nchi ambako watu huchanjiana damu. Sisi tulitumia maziwa na viatu. Kabla Wafaransa hawajaja, mimi nikiwa nimeota ndevu za kwanza, watu wa bondeni, ndio sisi, na watu wa juu mlimani walichoka kuuana kwa ajili ya malisho. Wakakutana kwenye chemchemi. Kina mama wenye watoto wachanga wakabadilishana watoto, kila mmoja akamnyonyesha wa mwenzake. Kisha kila mwanamume akavua kubadhi la mguu wa kulia. Makubadhi yetu yakarundikwa huku, yao kule, yakafunikwa joho, na mtu akaingiza mikono miwili bila kutazama, akatoa moja huku na moja kule. Wenye makubadhi yaliyotoka pamoja ni ndugu mpaka kaburini. Hiyo ndiyo tada.

Langu lilitoka pamoja na la Bassu wa Mimun, kijana mrefu wa mlimani. Kubadhi lake lilikuwa bovu kuliko yote yaliyokuwapo, limeshonwa kwa ukamba wa ngozi ya mbuzi. Nadhani uso wangu ulionyesha, maana alicheka.

"Usinune, ndugu yangu. Kiatu kibovu, mguu mzima."

Tukabadilishana, mimi nikatunza lake, yeye langu. Na sheria zake kila mtoto kwetu anazijua. Ndugu wa tada humnyooshei silaha. Humwambii uongo, hata wa mzaha. Na akikuomba kitu, hukatai, hata akiomba farasi uliyempanda. Anayevunja, watoto wake wanapofuka na mifugo yake inakufa.

Haya yote nilimweleza Kapteni, tena kwa madaha, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Hata uongo mdogo?" aliuliza.

"Hata mdogo, Kapteni."

"Kwa hiyo wewe ukimwambia njoo, ni salama, atakuja."

"Atakuja bila kuuliza mara mbili."

Akaandika. Kisha akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Nikashuka hemani kifua mbele kama jogoo, nikamsimulia Tuda. Alikuwa anasaga shayiri, akasimamisha jiwe.

"Umemwambia yote?"

"Si siri, mama Itto. Ni desturi."

"Kisu nacho si siri," akasema, "lakini mtoto hatumpi."

Nikamwambia wanawake huona nyoka kwenye kila kamba. Akaendelea kusaga.

Majira ya baridi yaliyofuata theluji ilianguka mapema. Watu wa juu walikuwa bado hawajasalimu amri, ila walikuwa wamebanwa: malisho ya chini yalikuwa yetu, soko letu, njia ya chumvi yetu. Kilichowabakia ni kipito kimoja cha mlima, na aliyekilinda kwa bunduki zake sitini alikuwa Bassu. Mara mbili tulipelekwa pale, mara mbili tulirudi na maiti juu ya nyumbu. Mimi nilipiga risasi mawinguni kila mara. Nina hakika naye alikuwa akilitafuta joho langu kusudi asilipige.

Kapteni akaniita.

"Raho, watoto wao wanakufa kule juu. Mimi sitaki hivyo, wewe hutaki hivyo. Nenda kwa ndugu yako. Mwambie ashuke tuzungumze. Atakunywa chai yangu, atarudi kwake. Nakupa neno langu la heshima."

Nilimwamini? Nimejiuliza miaka mingi. Nilikuwa nimekula naye miaka mitatu, na mtu huwezi kula na mtu miaka mitatu ukaendelea kumchunguza mikono. Lakini niseme na la pili, kwa sababu nikilificha haya yote hayana maana: nilitaka Kapteni aone. Nilitaka aone jinsi mtu mwenye bunduki sitini atakavyoteremka mlima kwa neno langu mimi, mtu wa kuchana nyumbu.

Nikapanda peke yangu, bila bunduki, mabonge mawili ya sukari mfukoni kama zawadi na kubadhi la Bassu mkononi, nimelinyanyua juu ili walinzi wake walione. Walinikuta kwenye mierezi. Bassu akaja. Alikuwa amekonda mpaka shingo imetoka mishipa, lakini alinikumbatia kwa nguvu zile zile.

"Ndugu yangu umenenepa," akasema. "Wafaransa wanakulisha au wanakunenepesha?"

"Wewe na utani wako. Nyumbani vipi?"

"Tumemzika Tlaytmas mwezi huu. Yule mwanangu mdogo." Akaipokea sukari, akampa mtu wake, akasema igawanywe kwa watoto wote sawasawa. "Haya, sema kilichokuleta."

Nikamwambia. Ashuke, wazungumze, anywe chai, apande. Alinisikiliza mpaka mwisho, anakwangua theluji kwa kidole cha mguu.

"Raho, nakuuliza kitu kimoja tu. Unajua, au umeambiwa?"

Mpaka leo nalisikia swali hilo. Lilikuwa swali jepesi. Nilikuwa nimeambiwa. Ningesema nimeambiwa, naye angekaa juu ya jiwe, angenitazama, angenambia, basi ndugu, rudi kawaulize vizuri. Hapangekuwa na kosa. Ila nilikuwa nimesimama mbele ya watu wake wote, joho langu safi, kubadhi lake mkononi, na nikaona haya kuonekana mtu wa kutumwa.

"Najua," nikasema.

Akampa mtu wake bunduki. "Nitakuwa nimerudi kesho," aliwaambia, na hakuna aliyembishia. Walikuwa wameona kubadhi.

Tulifika kituoni alasiri. Kapteni alikuwa ametandika zulia uani, akasimama wima kutupokea, akamshika Bassu mkono kisha akaugusa moyo wake, sawasawa kama sisi. Akamimina chai mwenyewe. Walizungumza habari za theluji, za mababu, za kondoo. Glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipokwisha ya tatu Kapteni aliinuka, akajipangusa magoti, akasema bila kumtazama mtu kwamba asubuhi ile simu ilikuja kutoka makao makuu, na kwamba Bassu wa Mimun yuko chini ya ulinzi.

Asubuhi ile. Mimi nilipokuwa napanda mlimani.

Askari wanne walitoka nyuma ya zizi. Bassu hakupigana. Aliitazama glasi yake, akaona bado ina funda moja, akalinywa, akaiweka chini taratibu. Ndipo akainuka.

Nilimkimbilia Kapteni mpaka mlangoni pake.

"Kapteni, ulinipa neno!"

"Nilikupa, Raho, na nilipokupa lilikuwa la kweli. Lakini mimi nami ni askari. Naamrishwa kama wewe. Unanielewa, sivyo?"

Mnajua nilimjibu nini? Nilisema, "Ndiyo, Kapteni." Mkono wangu ukapanda wenyewe kupiga saluti.

"Vizuri," akasema. "Kesho adhuhuri msafara wa nyumbu utampeleka mjini. Asubuhi utamlinda wewe. Desturi yenu haimruhusu akunyanyulie mkono, kwa hiyo kwako hatafanya fujo." Alikuwa na daftari mezani. Nilikuwa nimemweleza desturi nzima, yeye alikumbuka nusu iliyomfaa. Nusu ya pili, kwamba akiniomba sina ruhusa ya kukataa, aliiacha humo humo kwenye karatasi.

Mimi sikuisahau. Tuda naye hakuisahau.

Asubuhi nilikabidhiwa ufunguo. Bassu alikuwa ndani ya ghala la shayiri, mlango wa mbao wenye tundu la kupitishia sahani. Ukungu ulikuwa umeshuka mzito, na kikosi karibu chote kilikuwa kimekwenda kukata kuni. Kapteni alikuwa ndani anaandika. Nyuma ya zizi ukuta ulikuwa umebomoka tangu mvua za vuli, mbuzi alikuwa anauruka. Nakwambieni hivi ili mjue.

Tuda alikuja na mkate chini ya shuka. Akaupitisha tunduni, akamsalimia Bassu kwa jina la mama yake, akamnong'oneza jambo, kisha akanivuta kando.

"Akikuomba?"

"Nitafungua. Nifanye nini? Ni ndugu yangu wa tada."

"Sawa." Akanitazama, kisha akatazama ukungu. "Nimefunga hema. Itto nimemfunga mgongoni mwa nyumbu wetu, kalala. Vyungu nimeviacha. Tupo kwenye kijito, tunaweza kufika kwenye mierezi kabla askari hawajamaliza kula."

Nilikuwa nimesema nitafungua, lakini nilisema kama mtu anavyosema atakufa siku moja. Yeye alikuwa tayari amefunga mizigo.

Akaenda. Punde Haddu akapita kutoka langoni, zamu ilikuwa yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakufanya mzaha. Au alifanya, sijui.

"Sajini, macho yananiuma leo. Moshi wa kuni huu. Hata ng'ombe akipita sidhani kama nitamwona." Akajifikicha macho, akarudi langoni akageuzia uani mgongo.

Nikabaki na ufunguo na mlango. Nikaanza kuomba Mungu. Sikumwomba anitie nguvu. Nilimwomba kwamba Bassu asiniombe. Nilisimama pale nikihesabu pumzi, nikitega sikio kila alipokohoa. Nikawaza joho, nikawaza shayiri, nikawaza mwaka wa nzige na Tuda akichimba mizizi kwa kucha. Nikawaza kwamba asipoomba, mimi sina kosa. Desturi inasema akiomba. Haikusema chochote kuhusu asiyeomba.

"Raho," akaita.

Nilisogea. Kupitia tunduni niliona ndevu zake na makombo ya mkate.

"Nilikuuliza jambo kule juu."

"Uliniuliza."

"Ulikuwa umeambiwa."

"Nilikuwa nimeambiwa, ndugu yangu." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Nadhani alikuwa ananitazama. Mimi nilikuwa naona mdomo tu, yeye aliona uso wote, na uso wangu nadhani ulikuwa unaeleza kila kitu.

"Mkeo kanambia kafunga hema," akasema.

"Ndiyo."

"Mwanamke kamili yule." Kisha akasema, "Nina ombi moja."

Mkono wangu ulikuwa juu ya ufunguo. Wallahi ulikuwa juu ya ufunguo. Lakini nilijua, naye alijua, kwamba akisema fungua nitafungua nikimchukia.

"Nakusikiliza."

"Kubadhi langu unalo?"

Nilikuwa nalo, kwenye mkoba, tangu niliposhuka naye. Nikamwambia.

"Basi nipe langu." Kiganja chake kikatokea tunduni, na juu yake kubadhi langu, lile la ujana wangu, limepakwa mafuta mpaka linang'aa. Miaka yote ile alilipaka mafuta. "Na wewe chukua lako."

Hakuna kwetu aliyewahi kusikia tada ikirudishwa. Sijui hata kama inarudishika. Lakini alikuwa ameomba, na ombi la ndugu wa tada halikataliwi. Nikachukua langu, nikampa lake, lile bovu lenye ukamba wa mbuzi.

"Haya," akasema. "Hujaninyima kitu. Sasa mimi si ndugu yako, hakuna ninachoweza kukuomba. Baki salama." Akaenda kuketi mwisho wa ghala ambako sikuweza kumwona.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilichohisi kwanza ilikuwa furaha. Pumzi zilinirudi. Nilikaa juu ya gunia nikapumua kama mtu aliyetua mzigo. Uchungu ulikuja baadaye, na ulipokuja haukuondoka.

Adhuhuri ukungu uliondoka. Wakamtoa, wakamfunga kamba nyuma ya nyumbu wa tatu, na nyumbu huyo nilikuwa nimemchana mimi. Hakutazama upande wangu. Alikufa gerezani mjini kabla ya mavuno. Watu wake walishuka mlimani mwezi ule ule bila risasi hata moja, Kapteni akapandishwa cheo, mimi nikavishwa nishani ya shaba yenye kitambaa. Ipo ndani ya sanduku, njooni muione mkitaka. Hakuna mtu wa mlimani anayekuja kuomba moto nyumbani kwangu, na mimi siwezi kwenda kwao.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile msafara ulipopotelea kwenye kona, niliteremka kijitoni. Tuda alikuwa bado amesimama, kamba ya nyumbu mkononi, hema limekunjwa, Itto analia kwa njaa mgongoni mwa mnyama. Alikuwa amesimama pale tangu asubuhi. Alilitazama lango la kituo nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine anayefuata.

"Alikuomba?"

"Aliomba."

"Aliomba nini?"

Nikatoa kubadhi langu. Alilipokea, akapitisha kidole kwenye ngozi ile iliyopakwa mafuta, akaelewa mara moja. Wanawake wa kwetu hawahitaji kuelezwa tada.

"Na wewe ulikuwa na ufunguo," akasema, "ukangoja uombwe."

Akamshusha Itto, akamweka titini, na kwa mkono mmoja akaanza kufungua mizigo. Nilisogea nimsaidie ile kamba ya hema, ilikuwa imekaza kwa baridi. Akaniambia niache, nyumbu wa Kapteni wananingoja. Nikapanda kilimani.